Redio ya Mwezi

Baba yangu alinunua landrova kwa sababu ya nazi. Alikuwa maalim, mtu wa Mombasa aliyehamia Nairobi kabla sijazaliwa, akisomesha watoto Kurani asubuhi na jioni katika chumba kilichokuwa nyuma ya msikiti wetu mdogo wa Ngara. Mchana aliuza nazi na tende katika duka la mlango mmoja, hatua chache kutoka hapo. Nazi zilikuja kwa treni, na kila wiki aligombana na watu wa mikokoteni pale stesheni mpaka sauti ikamkauka. Muda mfupi baada ya Uhuru, mkulima mmoja Mzungu akawa anafunga virago kurudi kwao, anauza kila kitu mpaka ndoo za kukamulia. Baba akaenda kutazama gari, akarudi nalo.

Lilikuwa gari gumu, la rangi ya majani makavu, lenye viti vilivyounguza mapaja wakati wa jua na kugandisha mtu mwezi wa saba. Anasa pekee iliyokuwamo ni redio. Magari mengi ya namna ile hayakuwa nayo, lakini yule mkulima aliagiza lake likaja nayo kutoka kiwandani: sanduku la chuma lililofungwa chini ya dashibodi, lenye vifundo viwili na kioo kilichoandikwa majina ya miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia kufika. Ukiiwasha ilikaa kimya kitambo, inajipasha moto. Halafu inaguna. Halafu inaanza kusema, na ikishaanza, husikika mpaka barabarani.

Baba hakutaka redio iingie msikitini. Alisema leo italeta habari na kesho italeta ngoma. Lakini kila mwaka, Ramadhani ikifika siku ya ishirini na tisa, watu walitaka kujua kama mwezi umeandama. Ukiandama, mfungo umekwisha na kesho ni Idi. Usipoandama, watu wanafunga siku moja zaidi kutimiza thelathini. Mawingu ya Nairobi hayakuwa na huruma, na sisi wa Ngara tulikuwa tukitazama juu tunaona moshi wa makaa tu. Ikabidi tungoje tangazo la redio. Kwa hivyo jioni hiyo baba alikuwa akiegesha landrova ubavuni mwa msikiti, nje ya ukuta, milango wazi, sauti juu, na watu wakishaswali magharibi wanatoka kuizunguka.

Walikuja wenye maduka wa River Road, makarani, mafundi cherehani, na wapishi na madereva wa Kiislamu waliofanya kazi katika nyumba za Parklands na Kitisuru. Wengi walikuwa na redio kwao, ama jirani alikuwa nayo, lakini walitaka kuusikia mwezi pale. Tangazo likishatoka, baba alikuwa akipanda kizingiti cha msikiti na kusema moja kati ya mawili: kesho tunafunga, ama kesho tunakula. Hapo jambo limekwisha. Landrova ikaitwa redio ya mwezi, lakini ukweli ni kwamba watu hawakuifuata redio. Walimfuata baba. Hakuwa na mali ya kutajika, alikuwa na hasira za karibu, na kwa bei ya nazi angeweza kubishana na mtu kutwa nzima. Alichokuwa nacho ni neno lake, na alilitunza kuliko duka.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani katika ofisi ya bima katikati ya mji, na ugonjwa wangu ulikuwa kaseti. Mshahara wangu wa kwanza kabisa uliingia katika mashine ya kurekodi. Nilikuwa nikiweka kipaza sauti mbele ya redio ya nyumbani, naamrisha kila mtu anyamaze, kisha nabonyeza. Kila mtu alinyamaza isipokuwa mama. Mama aliona ni upuuzi kumfunga mdomo mwenye nyumba kwa sababu ya kijisanduku.

Usiku wa Idi ya mwaka uliotangulia nilitaka kurekodi tangazo la mwezi. Nilichelewa kubonyeza, nikapata nusu: kwamba mwezi umeonekana pwani na kwamba kesho ni sikukuu. Halafu takbira. Halafu mama akapiga vigelegele karibu na kipaza sauti, akaanza kunituma. Nilikasirika kwamba ameniharibia kaseti. Miezi miwili baadaye alifariki, baada ya kuugua siku chache tu, na kaseti ile ikawa kitu pekee duniani chenye sauti yake.

Sikumwambia baba. Nilikuwa nikiisikiliza peke yangu chumbani, mlango umefungwa, sauti chini, na kila nikimaliza nairudisha pale mwanzo wa tangazo ili iwe tayari kwa siku nyingine. Niliona kwamba baba akijua, itakuwa yake, na mimi nilitaka iwe yangu. Uchoyo huo siutetei. Nilikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni huweza kuwa mchoyo sana.

Mwaka huo redio ya landrova ikaanza uzee. Iliguna kuliko ilivyosema. Nikamng'ang'ania baba wiki nzima: tuitoe, tutie mpya, zimekuja redio zenye mahali pa kaseti, tena na spika mbili za nyuma. Nilizungumza habari za tangazo la mwezi, jinsi litakavyosikika. Sikuzungumza habari za taarabu wala za rumba, lakini baba hakuwa mtoto.

"Inashika stesheni?" akauliza.

"Inashika zote, baba."

"Nataka moja tu. Na iwe tayari siku ya ishirini na tisa. Isipokuwa tayari, usinionyeshe uso."

Nikaichukua dukani mjini kwa akiba yangu, na siku ya ishirini na saba nikapeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari hapo hapo Ngara. Alikuwa mtu mzima wa Kabete, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mpole, anayefanya kazi chini ya kibanda cha mabati pamoja na betri zake. Nilidhani ni kazi ya saa moja: unatoa ya zamani, unatia mpya, unafunga skrubu. Yeye akatoa ile ya zamani, akachungulia waya, akachukua kibalbu chake cha kupimia, akapima mara mbili. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Hii gari imefungwa kinyume," akasema.

"Kinyume namna gani?"

"Gari za siku hizi, ile waya ya alama ya kutoa ndiyo inashikana na bodi. Hii yako ni ile ya alama ya kujumlisha ndiyo iko kwa bodi. Hizi za zamani zilikuwa hivyo. Hiyo redio ya kwanza ilikuwa imezoea, zilitoka nayo kiwanda moja. Hii mpya haijui hiyo maneno."

"Unganisha tu, mzee. Umeme ni umeme."

Akanitazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtu aliyefunga na hajanywa maji tangu alfajiri. "Kijana, nikiunganisha hivi, hiyo redio yako inakuwa makaa. Hata wimbo moja hautasikia."

Ilibidi ageuze betri, kisha aipe dainamo umeme kidogo ili ikubali njia mpya, kisha apitie waya za taa na mshale wa kuonyesha chaji. Na alikuwa na magari mawili mbele yangu. Nilipiga kelele, nikasema nitatafuta fundi mwingine, nikakaa. Siku ya ishirini na nane nilikwenda mara tatu. Siku ya ishirini na tisa niliomba ruhusa kazini, nikakaa kibandani kwake kuanzia adhuhuri, koo kavu, nikimhesabia skrubu. Alasiri ikapita. Jua lilipokuwa linaelekea Kabete ndipo alipowasha, na kile kioo kipya kikawaka rangi ya kijani. Ikashika stesheni mara moja, bila kujipasha moto, bila kuguna. Nilitaka kumkumbatia.

"Bado sijajaribu upande wa kaseti," akasema. "Sitoi kazi kabla sijajaribu yote."

Hapakuwa na wakati. Nikamwambia aje nami, ajaribu pale msikitini nitakapoegesha. Tukafika adhana ikianza. Nikaingiza gari mahali pake pa kila mwaka, ubavuni mwa ukuta, nikafungua milango. Kwenye kiti nilikuwa nimeweka mfuko wa karatasi wenye kaseti nne. Ya mama ilikuwamo. Niliileta makusudi, nikifikiri kwamba siku moja ya Idi, nikiwa peke yangu barabarani, nitamsikia kwa spika kubwa. Hakuna hata moja niliyokuwa nimeiandika jina. Sikuwahi kuandika jina juu ya kaseti maishani mwangu, kwa uvivu tu.

"Jaribu tu mzee, kaseti zimo humo," nikamwambia fundi, nikachukua tende, nikaingia kuswali.

Fundi yule alikuwa na adabu. Aliniambia baadaye kwamba alisikia tunaswali, akaona si vizuri kupiga kelele karibu na watu wanaomwomba Mungu. Akangoja. Aliposikia tumetoa salamu na watu wa kwanza wanatoka, ndipo alipotia kaseti ya kwanza iliyomjia mkononi, akabonyeza.

Mimi nilikuwa bado ndani nikiswali sunna. Kwa kawaida sunna zangu zilikuwa za mbio, lakini jioni hiyo nilikuwa na redio mpya nje na nilitaka kutoka pole pole, nionekane. Nikasikia watu wakipaza sauti, Allahu akbar. Nikasikia baba kutoka kizingitini, sauti yake ile nyembamba: "Kesho tunakula, inshallah. Idi mubarak. Tusameheane." Niliamini kama watu wengine wote. Nikatoa salamu, nikanyanyuka, nikakumbatiwa na muuza nyama, nikakumbatiwa na watu wawili nisiowajua, nikatoka nje nimejaa furaha, tena na majivuno kidogo, kwa sababu tangazo lilitoka katika redio yangu.

Nikafika kwenye gari. Fundi ameketi kiti cha dereva, anatabasamu, takbira zinatoka katika spika za nyuma. Watu walikuwa wameanza kusogea kwa baba kumpa mkono, kila mmoja akipaza takbira yake. Nikaegemea mlango. Halafu nikasikia vigelegele, na mama akasema, karibu kabisa na sikio langu:

"We mtoto! Toa mkono kwenye mashine hiyo, nenda kalete maziwa kabla duka halijafungwa. Unataka watu wanywe chai kavu siku ya Idi?"

Nilinyoosha mkono nikazima.

"Mbona unazima?" fundi akasema. "Sauti iko safi kabisa. Hata huyo mama anasikika kama ako hapa ndani."

Nilielewa yote kwa mara moja: lile lilikuwa tangazo la mwaka jana, mwezi wa mwaka jana, na baba amesimama kizingitini, watu zaidi ya arobaini mbele yake, amekwisha sema kesho tunakula. Kutoka mlango wa gari mpaka pale aliposimama hazikuzidi hatua kumi na tano. Ningeweza kuzitembea. Ningeweza hata kupiga kelele nilipokuwa.

Sikufanya lolote. Niliona aibu ya baba kabla sijaona kitu kingine, kisha nikaona yangu, na yangu ilikuwa kubwa zaidi. Halafu nikaanza kujipa matumaini ya kipumbavu. Leo ni ishirini na tisa. Huenda mwezi umeandama kweli huko pwani. Tangazo la kweli likitoka liseme vile vile, nani atajua? Nikamwambia fundi arudishe kwenye redio. Ikawa inapiga muziki.

Wakati huo mzee mpishi akaja kuniaga. Alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye magonjwa ya miguu, aliyepika katika nyumba moja ya Kitisuru miaka mingi. Kila ishirini na tisa alikuwa akiomba ruhusa kwa tajiri wake aje afuturu kwetu na ausikie mwezi. Siku hiyo dereva mmoja wa huko alikuwa anamngoja na gari. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, tangu nibaleghe sijala hata siku moja ya Ramadhani," akasema. "Mwaka huu miguu hii ilinitisha, nikasema sitamaliza. Na leo imekwisha. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi, ami," nikasema.

Akaenda zake. Watu nao wakaenda, wengine mbio, kwa sababu usiku wa Idi una kazi nyingi: nyama, maziwa, nguo za watoto kwa fundi, mchele wa kutoa kwa maskini. Ua wa msikiti ukabaki na watu sita au saba. Mimi na fundi tukaketi garini kusikiliza muziki, yeye akisifu spika, mimi nikiomba dua ambayo bila shaka haikustahili kujibiwa. Kisha muziki ukakatwa na tangazo likaja. Mwezi haukuonekana mahali popote. Waislamu watimize thelathini.

Nilimkuta baba katika chumba chake cha kusomeshea, anafunga vitabu. Nikamwambia: ile aliyoisikia ilikuwa kaseti yangu ya mwaka jana, fundi aliijaribu bila kujua, na redio sasa hivi imesema kesho ni kufunga. Hakunifokea. Mtu aliyeweza kuvunja baraza kwa ajili ya nazi moja yenye ufa alinitazama tu.

"Umejua lini?" akauliza.

"Sasa hivi, baba. Redio iliposema."

Uongo ule ulitoka laini kabisa. Habari za mama kuwamo katika kaseti sikuzitaja. Baba akatikisa kichwa, akavaa viatu, akapanda kizingiti. Kwa wale waliobaki alisema: "Nimewadanganya. Sikukusudia, lakini nimesema nisilolijua. Kesho tunafunga." Hakusema fundi, hakusema kaseti, hakunisema mimi.

Kisha tukaingia kwenye landrova, tukaanza kugonga milango. Ghorofa za Ngara, vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba za Parklands, maduka ya River Road ambayo yalikuwa bado yana taa. Kila mlango baba alishuka mwenyewe, akasema maneno yale yale: ni mimi niliyekosea, kesho tunafunga. Wanawake walikuwa wameshaweka nyama jikoni. Wengine walicheka, wengine walimpa pole, mmoja akatugawia vitumbua. Mwenye duka mmoja wa Parklands hakucheka. Akasema, "Maalim, mwakani nitakuja na redio yangu mwenyewe." Baba akamjibu, "Fanya hivyo." Na kweli mwaka uliofuata alikuja nayo, ndogo ya mkononi, na watu wakamzunguka yeye. Landrova haikuegeshwa tena ubavuni mwa msikiti, na baba hakupanda tena kizingiti kutangaza mwezi. Hakuna aliyemkataza. Aliacha mwenyewe.

Tulimaliza milango yote tuliyoijua. Iliyobaki ilikuwa ya mzee mpishi, na hatukujua nyumba yake. Kitisuru si mahali pa kubahatisha. Kila lango lina ua mrefu wa miti na mbwa wawili. Tuliswali alfajiri, tukaondoka, tukawa tunauliza walinzi lango kwa lango. Jua lilikuwa limekwisha panda tulipompata. Alikuwa ameketi juu ya kiti kidogo nyuma ya jikoni, amevaa kanzu mpya, anangoja kuletwa mjini kwa swala ya Idi. Mkononi alishika kikombe cha chai. Andazi lilikuwa gotini, limeumwa mara mbili.

Baba alimwambia. Mzee akakitazama kikombe, akakiweka chini taratibu, kisha akapangusa makombo kwenye kanzu.

"Basi nimekula Ramadhani," akasema.

"Si dhambi yako, ndugu yangu. Hukujua. Ni yangu mimi."

"Najua si dhambi, maalim. Ni siku moja, nitailipa." Akaliondoa andazi gotini, akaliweka kando ya kikombe. "Lakini nimekula."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, na mimi nilisimama nyuma ya baba nikitazama lile andazi. Nilijichukia kweli kweli. Baba akamwambia kwamba siku atakayoilipa hataifunga peke yake. Atafunga naye, na jioni atakuja afuturu naye pale pale. Mzee akakubali. Akaomba maji, akasukutua, akakaa siku iliyobaki bila kula wala kunywa, ingawa haikuwa mfungo tena.

Idi tukala siku ya pili yake. Watu walikuja kumpa baba mkono kama kawaida, na hakuna aliyemtupia neno, lakini niliona jinsi mazungumzo yalivyopungua alipokaribia. Duka likaendelea. Fundi alitunza ile redio ya zamani katika gunia, akaniuliza kama naitaka, nikamwambia aitupe. Yeye hakuwahi kujua alichofanya. Mimi niliendelea kwenda stesheni kuchukua nazi, na nikiwa peke yangu garini nasikiliza kaseti, kisha nairudisha mwanzo na kuiacha mle mle.

Wiki ya pili baada ya Idi mzee akatuma salamu kwamba Alhamisi analipa siku yake. Baba akafunga. Mimi sikuwa na siku ya kulipa, nikafunga vilevile, na baba hakuuliza kwa nini. Alasiri tulitoka Ngara na tende na mkate wa mofa, tukapita Parklands, tukashika barabara ya Kitisuru. Kulikuwa na jua zuri na barabara haina watu. Baba alikuwa ameitazama redio kitambo. Tangu ifungwe hakuwahi kuigusa.

"Ile kaseti bado unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Iko wapi?"

Nikaionyesha kwa kidole, imo ndani ya redio.

"Iwashe. Nataka kukisikia kilichonidanganya."

Ningeweza kusema imeharibika. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, au labda niliogopa mwingine usingetoka laini. Nikabonyeza. Likaja lile tangazo nusu, kwamba mwezi umeonekana pwani. Baba alikuwa anatikisa kichwa pole pole, kama anayempima mwanafunzi. Zikaja takbira. Vikaja vigelegele. Mama akaniambia nitoe mkono kwenye mashine, nikalete maziwa. Baada ya hapo anacheka, anamwita baba aliyekuwa anaingia kutoka msikitini, anamuuliza kama kanzu yake imepigwa pasi ama kesho ataenda msikitini na makunyanzi, na kaseti inakatika.

Baba alishika mkono wangu uliokuwa juu ya usukani. Nikasimamisha gari pembeni ya barabara. Alikuwa hajaisikia sauti ile zaidi ya miezi kumi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, hakuyapangusa.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha. Akasikiliza tena tangu mwanzo mpaka mwisho, uso ameugeuzia kioo cha mbele. Ilipokatika alianza kukunja vidole kimoja kimoja. Nilimjua baba anavyosomesha: akikunja vidole hivyo, anapanga jambo la kwanza na la pili mpaka yafuatane.

"Mimi niliondoka tangazo lilipotoka," akasema. "Nilikimbilia kizingitini. Wewe ulitoka baadaye."

"Ndiyo."

"Ukafika garini. Ukamsikia mama yako?"

Nilikuwa na nafasi moja ya mwisho ya kusema hapana. "Nilimsikia."

"Watu walikuwa hawajaondoka."

"Walikuwa hawajaondoka, baba."

Akatoa leso mfukoni, akapangusa uso, akaikunja leso akairudisha.

"Mama yako alikwambia kweli mapema," akasema, "ukamzima."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniambia niondoe gari, mzee asije akafuturu peke yake.